Siku moja kwenye koloni la buabua: dakika 20 ndani, saa nyingi nje

Saa 10:30 alfajiri. Kabla ya kugusa darubini tunatazama anga. Mvua, upepo mkali au jua kali, chochote kati ya hivyo kinatosha kuahirisha kuingia. Buabua ni ndege wa majini wanaotaga chini kwenye changarawe, na wakipaa, mayai hubaki wazi: mvua huyapoza, na jua likishika changarawe, joto huua kiinitete, yaani kinda linalokua ndani ya yai, haraka kuliko baridi. Kwa hiyo kazi ya ndani hufanywa asubuhi mapema, na haizidi dakika 20 kwa kila eneo. Mtu mmoja kazi yake ni kushika saa na kuangalia shakwe wanaonyemelea mayai. Hagusi ndege hata mmoja.

Buti hupitishwa kwenye dawa ya kuua vijidudu kabla ya kupanda boti na tena baada ya kurudi. Homa ya mafua ya ndege, H5N1, iliua buabua na shakwe kwa wingi Ulaya mwaka 2022 na 2023. Mzoga haushikwi bila glavu.

Saa 12 asubuhi. Tunahesabu viota. Tunajipanga mstari mmoja, mita mbili kati ya mtu na mtu, na kila kiota kilichoonwa huwekewa kipande cha makaroni kavu, ambacho baadaye kitaoza chenyewe. Kisha tunarudi kwa mstari unaokatiza ule wa kwanza, tukihesabu viota vyenye alama na visivyo nayo. Tuseme awali tulitia alama viota 90. Safari ya pili tumeona 80, na 72 kati yake vina alama. Zidisha 90 kwa 80, gawanya kwa 72: viota 100. Anayehesabu mara moja tu angeandika 90 na kuondoka na kosa asilolijua.

Buabua hushambulia sehemu ya mwili iliyo juu zaidi, kwa hiyo fimbo fupi iliyosimamishwa juu ya kofia hupokea midomo badala ya kichwa. Macho yanabaki chini. Kinda likitishwa hulala kimya kati ya mawe na rangi yake ni ya mawe hayo hayo. Usinyanyue mguu kabla hujaona unapoukanyagia.

Saa 1 asubuhi. Mayai. Buabua wa kawaida hutaga moja hadi matatu, na tunayaandika A, B na C kwa kufuata mpangilio wa kutagwa. Kiota kilichokutwa na mayai tayari tunakipimia umri kwa kikombe cha plastiki angavu chenye maji ya uvuguvugu. Yai jipya huzama na kulala ubavu. Kadiri mfuko wa hewa unavyokua, upande butu huinuka, hadi yai linasimama wima chini ya kikombe. Baada ya hapo huelea, na mwishoni kipande cha ganda huchungulia juu ya maji. Linafutwa na kurudishwa kiotani mara moja. Yai lenye hata ufa mdogo haliingizwi majini kabisa, maana maji yatamfikia kiumbe aliyemo.

Kiota kikikutwa kitupu, tunapiga magoti na kukagua sakafu yake. Chembechembe ndogo za ganda maana yake mayai yameanguliwa. Ute wa kiini au ganda lenye tundu kubwa huashiria aliyekula. Kukosekana kwa maganda makubwa si ushahidi wa wizi. Mtafiti wa tabia za wanyama Niko Tinbergen na wenzake, katika kazi waliyochapisha mwaka 1962, walionyesha kuwa shakwe mwenye kichwa cheusi huyatoa maganda kiotani kwa sababu weupe wa ndani huwavuta kunguru na shakwe wengine kwenye mayai yaliyobaki.

Saa 2 asubuhi. Kufunga pete makinda ya siku chache. Kinda jipya lina gramu 15 hivi, na vidole vyake bado havizuii pete kuteleza na kutoka, kwa hiyo tunasubiri. Pete ni ya chuma cha pua, kwa kuwa alumini huliwa na maji ya chumvi na namba ikafutika. Koleo hubanwa mara mbili: kwanza mwanya wa pete ukielekea mbele ya koleo, kisha pete inazungushwa robo na kubanwa tena hadi ncha zigusane. Ncha zikipandana, pete inaumiza, na kuifungua bila kuvunja mguu ni kazi ngumu mno. Mwisho tunaizungusha kwa kidole. Izunguke na ipande bila kukwama.

Mizani ya springi husomwa ndani ya ndoo, kwa sababu upepo huyumbisha mfuko. Mfuko ukilowa kinyesi unaongeza uzito, basi mizani hurudishwa kwenye sifuri kila baada ya makinda machache.

Saa 3 asubuhi. Tumetoka wote.

Saa 8 mchana hadi saa 11 jioni. Ndani ya kibanda cha kujificha, tukitazama chakula ambacho wazazi huwaletea makinda. Watu wawili huingia, mmoja hutoka waziwazi, na ndege hutulia upesi wakidhani kibanda ni kitupu. Kila samaki anayeletwa huandikwa: muda, namba ya pete, aina, na urefu ukilinganishwa na mdomo wa mzazi, ambao una sentimita 3.5 hivi. Samaki wa midomo miwili ni sentimita 7. Watazamaji wapya hukuza vipimo, kwa hiyo huanza na mifano ya samaki yenye urefu unaojulikana. Zamu hubadilishwa kufuata maji kujaa na kupwa. Ukitazama saa zile zile kila siku, utapima bahari badala ya wazazi. Kinda la C ndilo tunalolifuatilia kwa makini zaidi. Huanguliwa mwisho, na samaki wakipungua ndilo hufa kwanza.

Saa 1 usiku. Karatasi zinaingizwa kwenye kompyuta usiku huo huo, mmoja akisoma na mwingine akiandika. Kisha vinasomwa vipimajoto vilivyofichwa chini ya mayai katika viota vichache. Mstari wa joto ukishuka saa 5 usiku na kupanda alfajiri, wazazi walikimbia, mara nyingi kwa kumwogopa bundi. Mayai hayo hayajafa lazima. Kuatamia kwa kawaida huchukua siku 21 hadi 23, lakini usiku wa baridi hurefusha muda huo, na kiota kilichopitisha siku 23 kinabaki kwenye orodha ya kesho.