Mwezi wa kwanza wa mazoezi ulinilewesha

Pushapu zilizokuwa zikinimaliza pumzi zilikuwa zimegeuka kitu cha kupashia mwili joto. Vyuma vilipanda karibu kila wiki. Ngazi nilizozoea kuzipanda kwa kusimamasimama nikawa nazipanda huku naongea na simu. Nani asingelewa?

Sasa miezi imesonga, na uzito ninaonyanyua haujasogea kwa wiki kadhaa. Sijaacha kwenda jimu, silali vibaya, sili ovyo. Chuma tu kimegoma. Jioni hii nimekaa na daftari la mazoezi nikapiga hesabu ya kujifurahisha: mtu akiongeza kilo 2.5 kila wiki, kama ilivyokuwa kwangu mwanzoni, mwaka ukiisha atakuwa ameongeza kilo 130. Miaka mitano, kilo 650. Hapo amebakiza kidogo anyanyue gari. Hakuna binadamu aliyefika huko kwa kujumlisha namna hiyo, kwa hiyo mstari ule wa daftari langu ulikuwa lazima upinde. Nilichokuwa sijui ni wiki gani.

Nimekuwa nikisoma kuhusu jambo hili, na ninachokiona ni kwamba wiki za mwanzo hazifai hata kidogo kutabiria wiki zinazofuata, maana kazi inayofanyika mwilini si ile ile. Nguvu za mwanzo hazitokani sana na misuli kukua. Ubongo na neva ndizo zinazojifunza kuitumia misuli iliyopo: kuamsha nyuzi nyingi zaidi kwa pamoja, kuziamsha kwa mpangilio, na kuituliza misuli ya upande wa pili isivute kinyume. Yaani sehemu kubwa ya nguvu nilizojivunia nilikuwa nazo siku zote, nimekaa nazo tu. Neva zikishajifunza somo hilo, kinachobaki ni kujenga nyama mpya, na nyama haijengwi kwa kasi ya kujifunza. Mabadiliko ya kuonekana kwa macho huchukua miezi, si wiki mbili tatu, na hapo mtu awe anakula na kulala ipasavyo.

Pumzi nayo ni vivyo hivyo. Ukianza kukimbia, majimaji ya damu huongezeka ndani ya siku chache, na moyo ukapata damu nyingi zaidi ya kusukuma kwa kila pigo. Ndiyo maana mbio za wiki ya pili huwa na raha isiyoelezeka. Mitokondria, vile vijiwanda ndani ya seli vinavyotumia oksijeni kutoa nishati, huongezeka kwa mwendo wa wiki. Vijishipa vya damu vinavyozunguka nyuzi za misuli, wiki na miezi. Halafu kuna kano, zile kamba zinazoshikiza misuli kwenye mfupa. Hizi hupata damu kidogo na hubadilika taratibu mno. Misuli inaweza kuwa tayari kwa mzigo ambao kano bado haiujui, na hapo ndipo watu wengi huanza kulalamika kisigino, goti au bega, tena wakati ule ule wanaojiona wana nguvu kuliko walivyowahi kuwa. Bega langu la kulia lilikuwa limeanza kunong'ona. Tangu chuma kigome, limenyamaza. Sisemi moja limeleta lingine, ila sijalia sana.

Kuhusu mizani nina maneno makali kidogo. Mtu anayeanza mazoezi anaweza kupima baada ya wiki mbili akakuta uzito umeongezeka, akaona ametapeliwa. Misuli inayofanya kazi hujiwekea akiba ya glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji. Misuli inayojikarabati nayo huvuta maji. Hayo yote mizani inayaita uzito, bila maelezo. Upande wa pili kuna hesabu ya mafuta, ambayo wauzaji wa programu za siku 30 hawaipendi: kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kilokalori 7,700, na kukimbia hutumia kama kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita tano ametumia 350 hivi. Ili amalize kilo moja ya mafuta kwa miguu yake tu anahitaji kilomita 110. Na hapo tumechukulia kwamba akifika nyumbani hataongeza kijiko sahanini wala kujilaza jioni nzima, mambo ambayo mwili wenye uchovu huyafanya bila kuomba ruhusa. Ushauri wa kawaida wa kupunguza nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki unawahusu watu waliobadilisha na chakula pia. Anayetegemea mbio peke yake asitarajie hivyo.

Kuna rafiki yangu tuliyeanza naye. Programu ile ile, siku zile zile. Yeye anapaa tu, na wala hajinyooshi viungo. Nilikuwa nikimwonea kijicho mpaka nikakutana na utafiti wa HERITAGE ulioongozwa na Claude Bouchard, uliotoa matokeo yake mwaka 1999. Watu 481 wasiokuwa na mazoea ya mazoezi, kutoka familia kadhaa, waliendesha baiskeli za mazoezi kwa wiki 20 kwa mpango mmoja. Kwa wastani, kiwango cha juu cha oksijeni ambacho miili yao ingeweza kutumia kilipanda kwa karibu mililita 400 kwa dakika. Lakini wapo ambao hawakupanda karibu chochote, na wapo waliopanda kwa zaidi ya lita nzima. Watu wa familia moja walielekea kufanana. Kwa hiyo ninapomtazama rafiki yangu ninatazama pia wazazi wake, na mimi wa kwangu siwezi kuwabadilisha. Kijicho hakijaisha, ila kimepungua makali.

Ambacho hakionekani kwenye kioo hakina foleni ndefu hivyo. Baada ya kikao kimoja tu cha mazoezi, shinikizo la damu hushuka kwa saa kadhaa, na misuli huipokea sukari ya damu kwa urahisi zaidi hadi kesho yake. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2020 dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Hakuna mahali ilipotaja tumbo liwe bapa.

Kwa hiyo nimefuta malengo ya zamani ukurasa wa mbele wa daftari na kuandika mengine. Uzito wa chuma ukipanda mara moja kwa mwezi, nitashukuru. Usipopanda, nitaangalia kama nimeongeza hata rudio moja, yaani kukinyanyua mara moja zaidi. Mizani nitaisoma kwa wastani wa wiki, si kwa asubuhi moja. Mapigo ya moyo nitayahesabu nikiamka, kabla sijasimama, maana hayo hushuka polepole bila kelele. Nimeacha pia nafasi ya ugonjwa na safari. Mtu akikatiza kwa wiki mbili tatu, pumzi hukimbia upesi, nguvu hukaa zaidi, na kurudi huwa kwepesi kuliko kuanza. Nimeliandika hilo sasa hivi, nikiwa na akili timamu, kwa sababu nikiwa kitandani na homa sitaliamini.

Wiki ijayo ni ya kupunguza: mzigo karibu nusu, mwendo taratibu, naondoka jimu nikiwa bado nina hamu. Jumatatu itakayofuata narudi kwenye uzito ule ule uliogoma, kwa marudio matano badala ya manane, nione kama utanipokea.