Siku niliyompa Antony silabi 20

Mwaka wa pili chuoni nilikua nachukua Kiingereza na fasihi, na ukichukua hivyo viwili somo la spichi lilikua lazima, huna pa kukwepea. Chuo chenyewe kidogo, darasani tulikua 11 tu, yaani ukikosa kipindi kiti chako kinakusemea. Insha nilikua vizuri, fasihi ndo usiseme, ila spichi nilikua naichukulia poa, nikijua kuongea ni kuongea tu, nani asiyejua kuongea.

Asaimenti ya mwisho wa muhula ilikua kila mtu achague hotuba, aikariri, aje aitoe mbele ya wenzake. Mi nikachukua ya Mark Antony kwenye Julius Caesar ya Shakespeare, ile anayoitoa kwenye msiba wa Caesar. Tamthilia nilishaisoma zamani kwa Kiswahili, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mara ya kwanza 1963, kwa iyo nikajiona kazi nimeshaimaliza, kilichobaki ni kumeza maneno. Nikayameza kweli, wiki mbili nzima, bafuni, njiani, kitandani, mpaka jamaa tuliyekua tunalala naye chumba kimoja akawa ananisahihisha bila kufungua kitabu.

Siku ikafika. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikaanza: Friends, Romans, countrymen, lend me your ears. Madam akanyanyua kalamu.

"Ngoja kwanza. Rudia huo mstari, na wewe dada hapo nyuma hesabu silabi anazotoa."

Sasa yule dada bahati mbaya alikua mtunzi wa mashairi, vidole vyake vimezoea mizani, hapotezi hata moja. Nikarudia, naye akaenda ubaoni akaniandika nilivyo: fu-re-ndi-zi, ro-ma-ni-zi, ka-nti-ri-me-ni, le-ndi mi yo i-a-zi. Akahesabu. 20. Mstari wa Shakespeare una silabi 10, mi nimetoa 20 kamili, mara mbili yake bila kubakiza. Darasa likaangua kicheko na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Madam hakucheka sana. Akasema hebu angalieni alivyoupanga, neno la kwanza silabi moja, la pili mbili, la tatu tatu, mtu anapanda ngazi huyo, sasa ukimwongezea irabu zako ngazi yote inaporomoka. Hapo ndo nikaanza kuelewa kwamba mdomo wangu hautaki kuona konsonanti imekaa peke yake, lazima uitafutie irabu ya kuishika mkono, halafu kila silabi unaipa haki sawa na mwenzake kama shairi la nane kwa nane, wakati Kiingereza kuna silabi zinakanyagwa kwa nguvu na zingine zinamezwa kabisa. Na mkazo wetu sisi makao yake yanajulikana, silabi ya pili kutoka mwisho, ukiondoa vituko vichache kama barabara ya magari na barabara ya kusema sawasawa. Nikautoa huo mfano, Madam akaupenda, akanitamkisha mara tatu, akauandika kwenye daftari lake pembeni ya neno record, ambalo likiwa jina mkazo unakaa mbele na likiwa kitenzi unahamia nyuma. Nikadhani nimeokoka.

Wapi. Tukafika kwenye Brutus is an honourable man.

Antony anayarudia maneno hayo kila akizunguka kidogo, na mi nilikua nayarudia vile vile kila mara, kama mtu anaita majina ya mahudhurio. Ya tatu Madam akanisimamisha.

"Wewe unamwamini Brutus?"

"Hapana Madam, si ndo kamuua Caesar."

"Mbona ukimtaja nasikia unamsifu?"

Nikafikiri kidogo, nikamwambia Madam, kwa Kiswahili hapa ningekua nimeshamaliza, ningesema tu eti Brutus ni mtu wa heshima, basi, hakuna atakayedhani namsifu. Kiingereza hakina neno eti, sasa mi nifanyeje?

Darasa kimya. Nilijua nimemshika, nisiseme uongo. Madam akaja mbele akakaa juu ya meza, kitu ambacho hatujawahi kumuona anafanya, akasema sawa, lakini umesahau kwamba Antony kapewa ruhusa ya kuongea na Brutus mwenyewe, tena kwa sharti kwamba asiwalaumu waliomuua Caesar. Akisema eti mbele ya watu wote wale si wamemsikia? Wanamshusha hapo hapo. Maneno yake lazima yatoke safi, sumu yote ikae kwenye sauti.

"Kwa iyo hiyo eti yako iweke," akasema, "halafu imeze."

Kumeza eti, jaribuni siku moja muone. Ya kwanza akanitaka niseme kama namaanisha kweli, kama mtu anavyomtaja mzee wa watu kwa adabu zote. Ya pili taratibu kidogo. Ya tatu nifike kwenye honourable nisimame mlangoni kama nimesahau kilichonileta, ndo niingie. Nikachemka mara mbili, mara ya kwanza nikaigiza mno mpaka nikafanana na mwizi wa kwenye filamu, ya pili nikacheka mwenyewe. Ya tatu ilivyotoka nikasikia kule nyuma yule dada wa mizani anasema "mmh", ile mmh ya mtu aliyeletewa habari za jirani.

Madam akamnyooshea kidole hata bila kugeuka. "Umesikia? Huo ndo umati, umeshaupata. Endelea."

Nikaendelea mpaka mwisho. Karatasi ya maki tulirudishiwa wiki iliyofuata, juu kaniandikia mstari wa kwanza bado una silabi 13, na chini kabisa kaandika neno moja la Kiswahili, eti, halafu kalikata kwa mstari.