Nilivyowabadilisha watumishi wenzangu kuhusu maumivu ya mgongo

Nilipopewa jukumu la kuwafundisha watumishi wenzangu wa afya hapa Mtwara kuhusu maumivu ya mgongo, mkubwa mmoja alinishauri niandae slaidi na bango kubwa la pingili za uti wa mgongo, kwa kuwa eti watu wa afya huamini kinachoonyeshwa kwenye projekta. Walinisikiliza kwa adabu, wakasaini mahudhurio, na kesho yake nikamkuta tabibu akimwambia kijana mbeba magunia ya korosho kwamba pingili zake "zimesagika", alalie godoro gumu na asiiname tena. Alikuwa akimwonyesha kwenye bango langu! Kijana akatoka akitembea kama amebeba trei ya mayai.

Kipindi kilichofuata niliiacha projekta kabatini, nikanunua chai na mihogo kwa pesa yangu, kama elfu kumi na kitu hivi. Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, nami nikamgeukia muuguzi mkongwe wa wodi ya wazazi, mpinzani mkuu wa kuinama.

"Shikamoo, Sista. Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Shamba, Nanyamba, naokota korosho."

"Ulikuwa unaziokota umesimama wima?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mwenyewe alikiri kwamba aliinama tangu asubuhi, mgongo ukakaza jioni, na Jumatatu akaingia zamu kama kawaida. Hapo ndipo nilipotoa takwimu, ambazo ningezitanguliza zisingemgusa mtu: mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba, kati ya watu wasio na maumivu yoyote, picha za ndani ya mwili za CT na MRI hukuta diski (mito laini iliyo kati ya pingili) zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Nikaongeza kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, kwa maumivu sugu ya kiuno yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake, unapendekeza elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya mgongo.

Anayetaka kufundisha somo hili asiache dalili za hatari, maana wapo watakaoruka hadi upande wa pili na kudhani hakuna maumivu ya mgongo ya kuogopa: mkojo kuziba au kutoka bila kujizuia, ganzi sehemu za siri, miguu kulegea, homa pamoja na kukonda (kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo), au maumivu yaliyoanza baada ya ajali. Wenye dalili hizo wanahitaji uchunguzi wa haraka. Wengine tulikubaliana waambiwe kwamba mgongo wao ni imara, waendelee kutembea, wapunguze mzigo kwa muda kisha waurudishe taratibu.

Tabibu yule bado anawaandikia wagonjwa mkanda wa mgongo, ingawa neno "zimesagika" sijalisikia tena kwake. Wodini kazi imeshikwa na Sista, ambaye huwasimulia wauguzi wapya kwamba somo lile alilifundisha yeye, na mimi nilileta chai.