Damanhur si mto wa damu

Mswahili akikutana na jina Damanhur, mji mkuu wa mkoa wa Beheira kwenye delta ya Nile, atavutwa kulikata kwa Kiarabu: dam ni damu, nahr ni mto. Konsonanti zinaingia zote, d-m kisha n-h-r, na hapo ndipo watu wanapopotea. Jina hili lilikuwapo muda mrefu kabla Waarabu hawajaiteka Misri kati ya 639 na 642.

Lianzie kwenye Kimisri cha kale. Dmi ni mji. N inafanya kazi ya "wa" yetu. Hor ni Horus, mungu mwenye kichwa cha kipanga. Dmi-n-Hor, Mji wa Horus. Maandishi ya kale ya Misri hayakuonyesha irabu, kwa hiyo anayefuatilia jina ashike konsonanti na asibabaishwe na a, i wala u. Wakopti, Wakristo wa Misri, waliandika Timinhor, Waarabu wakasema Damanhur. Ile d ilipita kwenye t ikarudi. M, n, h na r hazikutikisika, tena kwa mpangilio uleule.

Wagiriki nao waliuita Hermopolis Mikra, Mji Mdogo wa Hermes, mungu wao. Uangalifu unahitajika hapa: kitabu kikiandika Hermopolis bila kuongeza neno, mara nyingi kinasema ule mkubwa wa Misri ya kati, ambao leo ni el-Ashmunein. Nao jina lake la Kigiriki limekufa. Lililobaki limetoka kwenye Khmunu ya kale, yaani nane, kwa miungu wanane wa pale. Ofisi za Misri ziliandika Kigiriki karibu miaka elfu moja, na bado wenyeji hawakuacha majina yao. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari hii.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalielewa upesi. Wajerumani waliandika Neu-Langenburg kwenye ramani zao. Leo ukipanda gari Mbeya unasema unakwenda Tukuyu. Iringa ni habari nyingine kidogo. Wahehe walisema lilinga, ngome, wakimaanisha boma la Mkwawa pale Kalenga lililotekwa tarehe 30 Oktoba 1894. Wajerumani walipojenga makao yao mapya kilimani mwaka 1896 walichukua neno hilohilo, wakadondosha l ya mwanzo, ya pili wakaigeuza r, wakatanguliza "Neu", yaani mpya. Hiyo Neu haikudumu. Ukitaka kuona jinsi Timinhor ilivyochakaa mdomoni mwa wageni bila kupotea, tazama lilinga.

Beheira yenyewe ni Kiarabu kitupu: ziwa, mzizi mmoja na bahari yetu. Mkoa una jina la Kiarabu, mji wake mkuu una la Kimisri.