Nilivyoongoza Waholanzi na Wajapani kwenye mradi mmoja

Nilipokabidhiwa mradi wenye wahandisi wa Uholanzi na wa Japani, nilianza na takwimu za Geert Hofstede, mtafiti Mholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM wa nchi nyingi. Katika kipimo chake cha jinsi watu wanavyokubali tofauti za madaraka, ambapo alama kubwa ni kuzikubali zaidi, Malaysia iliyo juu kabisa ilipata 104, Austria iliyo chini kabisa 11, Japani 54, Uholanzi 38. Nikajiambia hawa hawajaachana mbali. Kikaoni mambo yalikuwa mengine kabisa.

Waholanzi walinipinga mbele ya wote, tena aliyeanza ni kijana aliyeajiriwa juzijuzi. Kwao, bosi anayekasirishwa na hilo hafai. Wajapani walinyamaza wakiandika. Nilipomuuliza mkuu wao anaonaje, alivuta pumzi kati ya meno, akasema jambo lina ugumu kidogo. Hapo ujue umekataliwa.

Nilivyozidi kuwatazama niliona wote wanataka kushauriwa, ila si mahali pamoja. Japani pendekezo huzungushwa kwa maandishi likianzia kwa wadogo, kila mhusika akigonga muhuri, na mazungumzo ya pembeni hufanyika mapema. Kikao ni cha kuidhinisha tu. Ukizusha hoja mpya pale, unamwaibisha mtu mbele ya watu wake. Uholanzi kikao ndicho uwanja wenyewe, na kiongozi aliyekwisha kumaliza mambo pembeni huonekana mjanjamjanja.

Basi rasimu nikaituma Japani kwanza, nikampigia kila mmoja simu peke yake, nikianzia chini. Maswali yao niliyaingiza kwenye rasimu bila majina, na ndiyo yaliyofungua kikao cha pamoja. Waholanzi waliyachambua bila huruma, asiaibike mtu. Niliwaeleza waziwazi kwa nini napiga zile simu. Mmoja akasema napoteza muda. Muda ulikwenda kweli, lakini utekelezaji haukusuasua, maana kila idara upande wa Japani ilishajua kazi yake.

Kilichonisumbua zaidi ni Waholanzi kufufua hoja tulizokwisha kuzikubali. Wao waliona ni haki yao, mkuu wa Japani akaona nimeshindwa kuongoza. Nikaweka kanuni: uamuzi utafunguliwa upya kwa maandishi tu, wakuu wote wawili wakitia saini. Waholanzi walinung'unika. Mjapani akaomba nakala, aizungushe kwenye idara zake igongwe mihuri.