Gombo la Moto na mipaina ya Kesaloni

Dereva aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Waafrika, alisema, nawapeleka Bethlehemu, nawapeleka Yordani. Kesaloni kuna nini? Nikamwambia mimi ni mtu wa misitu, nimekulia Mufindi pembeni ya mashamba ya miti ya Sao Hill, nataka kuona mipaina ya kijiji hicho cha Israeli. Akacheka, akawasha gari.

Ilikuwa Ijumaa ya Machi 2023. Mzee huyo ni Mwarabu wa Abu Ghosh, nje kidogo ya Yerusalemu, na sharti lake lilikuwa moja tu: tuwahi kurudi kabla ya swala. Tukateremka barabara namba 1 hadi Shaar Hagai, tukakata kushoto kuelekea Eshtaoli. Shule ya Jumapili tulikaririshwa kwamba ni katikati ya Sora na Eshtaoli ambapo Roho wa Bwana alianza kumtaharakisha Samsoni. Leo ni makutano ya barabara, yamejaa malori.

Toka hapo namba 395 inapanda kwa kona kali, na msitu unaanza. Wanauita Msitu wa Mashahidi. Upandaji ulianza 1951, kusudio likiwa miti milioni 6, mti mmoja kwa kila Myahudi aliyeuawa na Wanazi: mipaina kwa watu wazima, misaiprasi milioni 1.5 kwa watoto. Kazi yangu ni kuhesabu miti, kwa hiyo kichwa kilianza hesabu chenyewe. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, kama tunavyofanya kwetu, hekta moja inachukua miche 1,111. Watoto peke yao, basi, ni hekta 1,350 na ushee. Shamba la ukubwa huo nalijua. Kulizunguka kwa miguu ni kazi ya siku nzima. Nikanyamaza mpaka tulipofika.

Humo msituni kuna mnara wa kumbukumbu uitwao Gombo la Moto: magombo mawili ya shaba nyeusi yaliyosimama wima, kama gombo la Torati lililokunjuliwa, kimo chake mita 8. Ni kazi ya Nathan Rapoport, mzaliwa wa Warsaw, yuleyule aliyechonga mnara wa mashujaa wa geto la mji huo, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, mwaka 1948. Huu ulizinduliwa 1971. Gombo moja ni la maangamizi, la pili ni la kurudi na kupata taifa, hadi Vita vya Siku Sita vya 1967 kati ya Israeli na majirani zake Waarabu. Watu wamebanana humo, uso juu ya uso, na ilinibidi nisogee mpaka pua ikaribie shaba ndipo nikaanza kutenganisha mkono wa nani ni wa nani. Gombo la kwanza nilikaa nalo sana. La pili, lenye askari na ushindi, nilipita haraka. Labda ni mimi tu.

Mzee hakushuka kutazama sanamu. Alinyoosha kidole kwenye mipungate iliyoota ovyo mteremkoni. "Kasla," akasema. Ni kijiji cha Waarabu kilichokuwa hapa mpaka Julai 1948, wenyewe walipoondolewa. Kesaloni ya Wayahudi ikaanzishwa 1952. Hakuongeza neno, akawasha sigara.

Agosti 2021 moto mkubwa ulipita kwenye vilima hivi, hata watu wa Kesaloni wakahamishwa. Mpaina wa Aleppo una utomvu mwingi, ukishika unawaka kama tambi ya taa. Ulipoungua, zikaonekana ngazi za mawe za wakulima wa zamani, kilima baada ya kilima, ambazo mipaina ilikuwa imezifunika kwa miaka mingi. Nilisimama juu ya moja. Mawe yamepangwa bila saruji na bado yamekaza. Katikati yake miche mipya ilikuwa imechipua yenyewe, urefu wa kiganja, kwa sababu mpaina huu una koni zinazokaa zimefumba kwa miaka, zikingoja joto la moto zifunguke na kumwaga mbegu.

Nikaokota koni moja iliyofumba nikamweleza mzee. Papo hapo akatoa kiberiti cha gesi tujaribu.

"Mzee! Humu msituni?" Nikamdaka mkono.

Alicheka mpaka akakohoa. Kuipeleka Tanzania nisingeweza, karantini ya mimea naijua, basi akaiweka juu ya dashibodi, juani, tukateremka kuwahi swala. Hadi Abu Ghosh haikufungua hata gamba moja.