Kanuni za drag zipimike, halafu zitubane wote

Jambo la Jumapili kwenye mashindano ya drag hapa Dodoma, yale ya magari kukimbizana kwenye mstari ulionyooka, linaniuma mpaka leo. Kwenye ukaguzi kuna dogo katoka Manyoni na Altezza yake, kalipa kiingilio, kawahi foleni, akarudishwa kwa sababu betri kaihamishia kwenye buti na kaifunga na mkanda wa mizigo. Kwa hilo sina neno, betri ya hivyo haifai. Ila nyuma yake tu ilikuwepo Mark II yenye injini ya 1JZ ya tabo (tabo ni kifaa kinachosukumia hewa zaidi kwenye injini), betri kwenye buti, mkanda wa aina ile ile, ikapita, maana mwenye gari anajuana na nusu ya kamati. Dogo akauliza kwa heshima kabisa, "Shikamoo mzee, samahani, mbona ya kaka pale iko kama yangu?" Akaambiwa aangalie gari yake.

Iliniuma sana aisee. Altezza ile mita 402, umbali wa drag, inamaliza kwa sekunde kumi na sita hivi, Mark II inakaribia kumi na mbili, yaani mwenye mwendo wa hatari zaidi ndiye aliyeachiwa.

Karatasi tuliyopewa imeandika gari iwe salama na betri ifungwe vizuri, basi, hakuna kingine. Hapo kila mkaguzi anaamua kwa macho yake na kwa anavyokujua. Kule Marekani NHRA, chama cha drag kilichoanza 1951, wameweka namba: ukikimbia sekunde 13.99 au chini ya hapo unavaa helmeti, na kwa magari mengi ya zamani ukifika 11.49 lazima uwe na roli ba, yaani bomba za chuma ndani ya gari za kukulinda likipinduka. Haijalishi wewe ni nani, muda wako ndio unaosema. Na ukihamisha betri kutoka sehemu yake ya kiwandani, unaweka swichi ya kukata umeme nyuma ya gari, kwa nje, mtu wa uokoaji aifikie.

Hiyo swichi watu wanaichukulia poa ila sababu yake ni kubwa. Betri ikikaa kwenye buti, waya mnene wa umeme unapita chini ya kapeti mpaka mbele kwenye injini, sasa gari ikigongwa nyuma au ikibiringita waya ukachubuka na kugusa bodi, cheche zinaruka karibu na tenki la petroli. Halafu wengine wanafunga swichi inayokata betri peke yake, altaneta, ile inayozalisha umeme injini ikiwaka, inaendelea kulisha umeme na injini inaendelea kunguruma kama kawaida. Kuipima ni rahisi mno, washa injini, zima swichi, injini ife. Isipokufa, gari haiingii, awe dogo wa Manyoni au awe mheshimiwa, nusu dakika tu imeisha, wala hakuna cha kubishana.

Na madaraja nayo, kupanga kwa cc, yaani ukubwa wa injini, peke yake hapa Dodoma ni kuwaonea watu. Tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake wakati yenye tabo inajikamulia hewa yenyewe. FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, wao cc za injini ya petroli yenye tabo wanazidisha kwa 1.7, hivyo injini ya cc 2000 inahesabiwa 3400. Tungeiga hiyo tu, malalamiko mengi yangepungua.

Nimewaandikia waandaaji jana usiku. Nimeomba kanuni zitoke kabla watu hawajalipa kiingilio, kila gari iwe na fomu yake yenye sahihi ya mkaguzi, na gari ikikataliwa sababu iandikwe na mwenyewe apewe nakala. Pia nimeomba dogo arudishiwe hela yake, au Mark II nayo ifutiwe matokeo. Mpaka sasa ujumbe wameusoma, majibu bado.